Ndege Tuliowapeleka kwa Jirani

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika huosha nyumba. Tunaishi orofa ya pili hapa mjini Embu, mimi na binti yangu, na jirani wa chini alikuwa ameacha kunisalimia tangu mwezi uliopita. Kosa langu, kwa maneno yake, ni kwamba nikiosha veranda maji yangu humwagikia nguo zake alizoanika. Nami nikamjibu kwamba maji kazi yake ni kuteremka, kama hataki basi aanike chumbani. Tukanuniana. Sasa nilikuwa nasugua sakafu huku nikimsema peke yangu, ndoo mbili za maji zikiwa tayari, wakati binti yangu aliponishika mkono.

"Mama, wacha kelele kidogo. Ona hii."

Ilikuwa video kwenye simu. Mtu anaelea ndani ya chombo huko angani, nywele zimemsimama, na nyuma yake kuna dirisha, na dirishani Dunia inapita polepole, buluu tupu na mawingu. Binti yangu akasema, "Wanasema ukiiona kutoka kule unanyenyekea. Ati unarudi ukiwa mpole kwa kila mtu. Ni kweli ama ni hadithi tu?"

Nilitaka kumwambia aniondokee nifanye kazi. Lakini picha ile naijua. Niliiona nikiwa darasa la tano, huko kwetu Mbeere, kabla sijawahi kuona hata nyumba ya ghorofa. Nikauegemeza ufagio ukutani. Na wewe rafiki yangu unayesoma, vuta kiti, maana sikumaliza haraka.

Kwetu ni upande wa Kiritiri, ukishuka kuelekea mtoni, kule joto linakoanza kabla watu hawajamaliza chai. Mama yangu alikuwa akifanya kazi mjini, kwa hivyo nililelewa na nyanya, mama yake, niliyemwita Cucu. Nyanya alikuwa mfupi, mweusi, mkali, na mikono yake ilinuka moshi na asali. Asubuhi alinipa uji wa mawele kwenye kibuyu, uji uliolala ukachachuka kidogo, na mpaka leo nikionja maziwa ya mgando ulimi wangu hukimbilia kule. Usingizini ulisikia kengele za mbuzi, ukiamka ulisikia nyanya akiwatukana mbuzi haohao. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Chakula hakina likizo." Ukimwambia umechoka, msemo ndio huo. Ukimwambia ni Jumapili, ni huohuo.

Mawele yakianza kutia nafaka, kweleakwelea walifika. Ni ndege wadogo sana, wawili wanatosha kwenye kiganja, lakini shida yao ni kwamba hawaji wawili. Walikuja kama shuka lililorushwa angani, likajikunja, likatua, na likiinuka unakuta mashuke yamebaki makapi. Kwa hivyo watoto wote wa kwetu tulifanya kazi ya kuamia, yaani kulinda mawele yasiliwe. Alfajiri kabla ya shule, jioni baada ya shule, na Jumamosi kutwa. Kila shamba lilikuwa na dungu lake: nguzo nne ndefu, sakafu ya fito, na kipande cha nyasi juu cha kukukinga na jua. Unapanda na kombeo lako la kamba ya mkonge na rundo la mabonge ya udongo, na unakaa huko kama mkubwa wa tarafa.

Nami nilikuwa hodari, sikufichi. Kombeo langu lilikuwa likilia hewani kama mjeledi. Watoto wa mashamba ya mbali walilitambua kwa mlio.

Sasa kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika lakini kila mtu aliufuata. Ndege hufukuzwa kuelekea mtoni. Aliye juu kabisa anawasukuma kwa anayemfuata chini, na anapowasukuma anapaza sauti: "Wanakujaaa!" Wa chini akisikia anajibu, "Nimewaonaaa!" anawapokea kwa kelele na mabonge, anawasukuma mbele naye akipaza sauti vilevile, hivyo hivyo mpaka wanavuka mashamba yote na kutua kwenye vichaka vya mtoni ambavyo havina mwenyewe. Jioni bonde zima lilikuwa likiitana. Nilikuwa nikidhani kila mahali duniani watu huitana hivyo.

Shamba lililotufuata upande wa chini lilikuwa la mama mmoja mjane, rika la nyanya. Watoto wake walikuwa wameolewa na kuajiriwa mbali, na yeye hakuwa na mtoto wa kupanda dungu. Alikuwa akiamia mwenyewe, tena chini kwa chini, akizunguka na debe kuukuu na kijiti, kwa sababu bega lake moja lilikuwa bovu na kombeo halikumwezekana. Kwa miaka mingi yeye na nyanya walikuwa wakiombana chumvi na kaa la moto. Kisha mbuzi wetu mmoja akaingia kwenye ndengu zake. Alimfunga yule mbuzi kutwa nzima juani bila maji, na jioni yake mbuzi akaharibu mimba. Basi. Nyanya hakulitaja tena jina la mama yule. Akawa "yule wa chini".

Msimu wa mawele ulipofika, mwaka ambao mvua zilikuwa kidogo na kila mtu akitegemea kidogo alichopanda, nyanya aliniita kabla sijapanda dungu. Akaniambia, "Mwaka huu kazi ni ileile. Wafukuze kwa nguvu zako zote. Lakini mdomo ufunge."

Nilielewa mara moja. Usiniulize kama nilisita. Sikusita hata kidogo! Nilikuwa na miaka kumi na moja na mbuzi aliyeharibu mimba nilikuwa nimempa jina. Nikapanda, shuka la ndege likaja, nikavurumisha bonge, ndege wakainuka na kumiminika chini, nami kimya. Yule mama alishtukia ndege wamekwishajaa shambani mwake. Ndipo debe likaanza kulia. Nililiona jambo hilo la kuchekesha. Nikawa hata nawasubiri watue vizuri kwetu, nisimame pembeni, nipige kwa hesabu ili wote waelekee kule kwake. Wiki mbili nzima.

Katikati ya wiki hizo ndipo mwalimu wetu wa sayansi alipoleta picha. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Meru, huko juu kwenye chai na baridi, na joto la kwetu lilimtesa mpaka akawa anafundisha amejifunga leso yenye maji shingoni. Picha aliikata kwenye kalenda ya zamani, akaifunika kwa plastiki isichafuke. Akaibandika ubaoni na kusema, "Hii ndiyo Dunia. Imepigwa na watu waliotoka wakaenda juu sana, wakageuka wakaitazama."

Tukaitwa mmoja mmoja tuonyeshe Kiritiri iko wapi. Wa kwanza akaweka kidole kwenye wingu. Wa pili akaweka kwenye bahari. Mimi, kwa vile nilijiona mjuzi wa mambo ya juu, nilitafuta mlima Kiang'ombe, kisha mto, kisha bati la shule, na sikupata chochote. Kidole changu kimoja kilifunika nchi nzima na majirani zake. Darasa likacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema waliokwenda kule walikuwa watu wakubwa, marubani na wasomi, watu wa kuogopewa, na walipotazama chini wakaona makwao hapaonekani, na kila mtu wanayemjua yuko mahali padogo hivyo, wengine walilia. "Na waliporudi," akasema, "walirudi na adabu."

Hilo la adabu ndilo lililonishangaza. Jioni nilimweleza nyanya tukichambua kunde. Nikamwambia kuna watu wamepanda juu kuliko mlima, wakatazama chini, wakashuka na adabu. Nyanya hakuinua hata macho.

"Wewe unapanda dungu kila siku," akasema, "na adabu sijaiona."

Alicheka mwenyewe kwa utani wake, nami nikacheka. Lakini neno lilinikaa, kama mwiba ule mdogo ambao huuoni na kila ukigusa unauma.

Jumamosi iliyofuata nilipanda mapema. Ndege wakaja, nikawapiga, wakamiminika chini, mdomo nimefunga. Kisha, kwa sababu ya mwalimu na picha yake, nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: sikuketi. Nilisimama nikatazama walikokwenda.

Shamba la mama yule, kutoka juu, halikuwa kubwa kuliko uwanja wetu wa shule. Na robo tatu ya mashuke yalikuwa yamesimama wima. Shuke lililojaa huinama, rafiki yangu. Linalosimama wima halina kitu. Nilimwona mwenyewe katikati, kitambaa cheupe kichwani, akikimbia upande huu na debe, ndege wanahamia upande ule. Akikimbia ule, wanarudi huu. Alikuwa akikimbia kama watu wazee wanavyokimbia, mwili wote unakwenda na miguu inabaki. Halafu akasimama. Akaliweka debe chini. Akaketi juu yake, akakunja mikono mapajani, na ndege wakamfunika kila upande, wakila, na yeye akiwatazama tu. Hakuwafukuza tena.

Nilijua kile ni chakula chake cha mwaka mzima. Nilijua ndege wale ni mimi niliyewatuma, mmoja mmoja, kwa ustadi wangu wa kusifiwa. Kutoka pale juu alikuwa mdogo sana, ungeweza kumfunika kwa kidole kama nilivyoifunika Kenya.

Nilishuka dungu bila hata kukanyaga ngazi sawasawa, nikakimbia mpaka shambani mwake, nikaanza kuvurumisha mabonge upande wa mtoni huku nikipiga kelele kama mwendawazimu. Yule mama aliinua uso, akachukua debe lake. Tulifanya kazi pamoja mpaka jua likawa kichwani. Kila kundi lililokuja tulilisukuma mpaka vichakani.

Na kwetu je? Ebo! Dungu lilikuwa tupu. Niliporudi, upande wote wa juu wa shamba letu, karibu mistari ishirini, ulikuwa umesimama wima.

Nyanya alirudi kutoka sokoni Gachoka akaona kabla hajatua kiondo. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikafikiria kusema niliumwa na tumbo. Nikasema, "Nilikuwa kule chini. Mawele yake yamekwisha, Cucu." Nilingoja fimbo. Nyanya aliingia ndani akafunga mlango, na jioni hiyo hakukuwa na hadithi wala mzaha. Tulikula githeri kila mtu akitazama sahani yake.

Asubuhi niliamka nikakuta hayuko. Nilimtafuta zizini, nikamtafuta kisimani. Nilimwona mwishowe, na sikuamini macho yangu. Nyanya alikuwa juu ya dungu! Mwanamke wa umri ule, na magoti yale yaliyokuwa yakilia akiinama tu kuwasha moto. Alikuwa amesimama ameshika nguzo kwa mikono miwili, leso yake ikipigwa na upepo, akitazama chini. Sikuthubutu kumwita. Alikaa huko mpaka uji ukapoa, kisha akashuka kinyumenyume, mguu mmoja baada ya mwingine, nami nikimshikia ngazi.

Alipofika chini alipangusa mikono. Akasema, "Yule mama amezeeka."

"Na wewe je, Cucu?" Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Na mimi pia," akasema. Halafu, kwa ukali wake wa kawaida: "Haya, unasimama nini? Upashe uji moto umpelekee. Na leo nikikosa kusikia mdomo wako huko juu, utanitambua."

Siku ile ndege walipokuja nilijaza kifua nikapaza sauti mpaka koo likakwaruza: "Wanakujaaa!" Kukawa kimya. Kimya kirefu, nikafikiri hatajibu kamwe, na angekuwa na haki. Kisha kutoka katikati ya mawele sauti nyembamba ikapanda: "Nimewaonaaa!" Nyanya alikuwa jikoni, na najua alisikia, kwa sababu nilisikia sufuria ikimwanguka.

Usidhani walikumbatiana. Walikuwa wanawake wa Mbeere. Walianza kwa kuombana chumvi, wakagombana kuhusu chumvi, wakaendelea hivyo mpaka nyanya alipofariki. Lakini mavuno ya mwaka ule, kidogo tulichokipata, nyanya alikipima kwa kibuyu kimoja kwetu, kimoja kwake, na akanituma nipeleke. Siku za mwisho, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa kama yule wa chini amewasha moto. Nikimwambia moshi unaonekana, alitulia.

Mwaka jana nilikwenda kule na binti yangu. Dungu hakuna. Mawele hayapandwi tena, watu wamepanda muguka, yale majani ya kutafuna, na kuweka seng'enge, na watoto wako shuleni mpaka jioni, jambo ambalo silaumu. Nilisimama pale pale palipokuwa na nguzo zetu nikasikiliza. Pikipiki nilizisikia, na redio. Lakini hakuna aliyemwita wa chini yake. Nyumba ya yule mama imeanguka, limebaki jiwe la kusagia katikati ya majani. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Kuna jambo moja sikuwa nimemwambia mtu, na Jumamosi hiyo nilimwambia binti yangu. Nilipokuwa nakuja Embu kusomea kazi, baada ya nyanya kutuacha, nilishuka kumuaga mama yule. Alinipa asali kwenye chupa. Ile asali ilinishinda kushika. Nikamwambia ukweli: kwamba zile wiki mbili za ndege hazikuwa bahati mbaya, kwamba nilifunga mdomo kwa makusudi, na kwamba nilikuwa nikicheka.

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekuletea habari ya jana.

"Cucu," akasema, maana kwetu nyanya naye humwita mjukuu hivyo, "mtu akiwa juu ya dungu si huonekana na kila mtu? Nilikuwa nakuona tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakuona hata ukicheka."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kututukana, kwa nini hakusema lolote.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Nilingoja ushuke."

Simu ilikuwa imezima yenyewe mkononi mwa binti yangu. Mimi nilitazama ndoo zangu mbili, nikatazama ukingo wa veranda, na huko chini, kwenye kamba, shuka jeupe la jirani lilikuwa limeanikwa likitikisika. Aibu ilinipanda, nikaivaa yote.

Nikashuka ngazi, mikono ikiwa na sabuni bado, nikagonga mlango wake. Alifungua kidogo, uso ameukunja. Nilimwomba msamaha, bila kuzunguka, na nikamwambia kwamba kwetu mtu hakuangushii kitu bila kupaza sauti kwanza. Alinisikiliza kama anayesubiri uongo ujitokeze. Hakuniambia karibu. Lakini hakufunga mlango mpaka nilipofika nusu ya ngazi.

Leo asubuhi nilijaza ndoo. Nikaenda ukingoni, nikashika chuma, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, na binti yangu akafunika uso kwa aibu ya majirani.

"Maji yanakujaaa!"

Kukawa kimya. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza, nina hakika. Kisha mlango ukafunguka huko chini, ndala zikakimbia, na sauti ikapanda, ya hasira kidogo, ya kicheko zaidi:

"Nimeyaonaaa! Ngoja kwanza nitoe shuka!"

Nikangoja.